“Mama, acha tu, nitamsubiri dada”

Shikamoo Mwalimu,

Naishi Mbagala, Dar es Salaam, na nauza nyanya, vitunguu na dagaa katika soko la Tandika. Shule niliishia Darasa la Saba. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za Tunduma, nyumbani hufika mara mbili kwa mwezi na wakati mwingine mara moja. Mungu ametujalia watoto wawili. Binti yuko Kidato cha Pili, shule ya kata. Mdogo wake wa kiume ana miaka kumi, yuko Darasa la Nne katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ada yake tunailipa kwa kujinyima, na sijutii, maana nilitaka angalau mmoja asije akapata shida ya lugha niliyoipata mimi.

Tabu yangu ni homuweki. Kila siku anarudi na masomo matatu, mara nyingine manne. Basi la shule linamshusha saa 11 jioni, mimi kutoka sokoni nafika saa 1 usiku, dada yake anakuwa ameshapika. Tukishakula, saa 2 ndiyo tunatoa madaftari, na hapo ndipo vita vinapoanza. Ukimuuliza hiki ni nini, “sijui”. Mlifundishwa leo? “Sijui.” Anachonga penseli mpaka inabaki kipande. Anaomba maji, anaomba kwenda chooni. Kitabu chenyewe nikikifungua ni Kiingereza kitupu, kwa hiyo nabaki kusema “fanya, fanya”, sauti inapanda, majirani wanasikia. Mwisho namwita dada yake aje amalizie. Tunalala saa 4, siku nyingine inapita. Saa 10:45 alfajiri namwamsha, basi linapita saa 11:20.

Kuna usiku nilimpiga kwa kandambili kwa sababu ya hesabu za sehemu. Alilia akalala juu ya daftari. Mimi sikulala.

Kilichonifanya nikuandikie ni cha wiki iliyopita. Nilikaa karibu yake nikasema, lete tuone. Akafunika daftari kwa mkono, akaniambia taratibu, wala si kwa jeuri, “Mama, acha tu, nitamsubiri dada.” Dada yake alikuwa uani anaosha vyombo. Mwalimu, nilitoka nje nikalia.

Jirani ananishauri nimpeleke tuisheni, kuna kijana anafundisha mtaani jioni, shilingi 1,000 kwa siku. Baba yake kwenye simu anasema nimwache, akili itamjia yenyewe, halafu papo hapo anauliza, “Amepata ngapi?” Kwenye kikao cha wazazi tuliambiwa mzazi ahakikishe homuweki imekwisha yote, asaini. Nasaini. Lakini majibu mengi ni ya dada yake, na mwishoni mwa mwaka kuna upimaji wa Taifa wa Darasa la Nne. Nifanyeje?

Mama wa wawili, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31, sehemu kubwa Darasa la Tatu na la Nne, na madaftari ya aina hiyo nimeyasahihisha mengi: hati ni ya mtoto, majibu ni ya mtu mwingine. Sikuwahi kuona upande wa pili wa daftari hilo, yule mama aliyetoka nje akalia. Ahsante kwa kunionyesha.

Nianze na mkono uliofunika daftari. Wewe umesikia “mama hujui”. Mimi nasikia jambo jingine. Mtoto anayemdharau mama yake hafuniki daftari, huliacha wazi ili mama aumbuke. Mwanao ameshajifunza kwamba macho yako yakitua kwenye lile daftari ugomvi unaanza, na yeye hataki mgombane. Amefunika ili usiku upite salama. Ukilielewa hivyo, utaona kwamba kwanza kabisa anahitaji kuona daftari likifunguliwa mbele yako na pasitokee lolote baya.

Kwa hiyo ile kandambili, mwombe radhi. Mwite, mwambie, “Siku ile nilikupiga kwa ajili ya hesabu, nilikosea, sitakupiga tena kwa ajili ya daftari.” Najua wapo watakaosema mzazi haombi radhi kwa mtoto. Nilikuwa na fimbo darasani miaka yangu ya kwanza, na ninachokumbuka ni watoto waliokuwa wakitazama fimbo badala ya ubao. Mwenye hofu hujibu “sijui” hata kwa anachokijua, maana “sijui” haina kosa la kusahihishwa.

Sasa homuweki yenyewe. Ile kazi ni salamu ambazo mtoto anazipeleka kwa mwalimu wake: hapa nimeelewa, hapa nimepotea. Mwalimu mwenye watoto arobaini darasani hana njia nyingine ya kujua. Dada akijaza, mwalimu anapata salamu za uongo. Anaona tiki kumi, anasema wameelewa, kesho anaingia mada mpya, na mwanao anazidi kubaki nyuma huku daftari lake likisema yuko mbele. Chumba cha upimaji hakina dada. Acha makosa yake yaende shuleni kama yalivyo. Daftari lenye makosa manne ya kweli lina faida kwake kuliko lenye tiki kumi za kuazima.

Unaona basi kwamba kujua majibu hakukuwa kazi yako hata kidogo, na Kiingereza kitabuni hakikufungii mlango. Kazi yako ni kumfanya aseme. Mwambie akusomee swali kwa Kiingereza, kisha akwambie kwa Kiswahili linataka nini. Usimsahihishe, sikiliza tu. Akishindwa kusema linataka nini, umeshagundua jambo ambalo hata mwalimu wake huenda hajalijua: huenda hesabu anaiweza, lugha ndiyo inayomzuia. Niliwahi kuwa na watoto waliohamia kwangu kutoka shule za Kiingereza ambao ukiwaandikia hesabu kwa tarakimu tupu wanapata zote, ukiiweka katika maneno wanakosa zote. Aliyekwama kwenye lugha na aliyekwama kwenye hesabu, dawa yao si moja. Jaribu hivyo jioni mbili tatu, utajua mwanao yuko upande gani.

Umetaja hesabu za sehemu. Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu wewe ni mwalimu wa sehemu na hujijui. Wateja wako wanasemaje kwenye dagaa? Nipe robo. Nipe robo tatu. Mwenye hela kidogo anasema nipe nusu robo. Kitabu cha mwanao kinamuuliza 3/4 kujumlisha 1/8, anaganda, analia. Muulize wewe: mteja kachukua robo tatu ya dagaa, akarudi akaongeza nusu robo, jumla kachukua nusu robo ngapi? Mwache apime. Mpe dagaa, mpe mizani, au vifuniko vya soda kama dagaa zimeisha. Ataona kila robo ina nusu robo mbili, kwa hiyo robo tatu ni nusu robo sita, na ile moja aliyoongeza inafanya saba. Nusu robo saba, yaani 7/8. Hilo ndilo jibu la kitabuni, na ile kanuni ya kutafuta asili inayofanana, yaani kuzifanya namba za chini ziwe sawa, inayowatoa watoto machozi, umeshamfundisha kwenye mizani bila kuitaja. Kesho yake muulize, kwani nusu robo kitabuni wanaiandikaje? Atakuonyesha yeye. Mtoto akishakuonyesha kitu, hafuniki tena daftari.

Kama simu yako inaingia mtandaoni, Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, kuvisoma ni bure. Hisabati ya Darasa la Nne ipo ya Kiswahili na ipo ya Kiingereza. Mwambie binti akufungulie ya Kiswahili, uwe nayo kando wakati kijana anasoma yake. Darasa la Saba lako linatosha kabisa kuifuata.

Tatizo linalonitisha zaidi katika barua yako, nawe umelipita haraka, ni saa. Mtoto anayelala saa 4 na kuamshwa saa 10:45 alfajiri amelala chini ya saa saba. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa usiku. Wako anakosa saa mbili na zaidi kila siku, siku tano kwa wiki, na baada ya hapo tunamuuliza kwa nini hakumbuki alichofundishwa. Kuchonga penseli, kuomba maji, kwenda chooni kila saa, mimi nikiona hayo saa 2 usiku siwazi uvivu. Nawaza mtoto aliyeamka gizani, akazungushwa na basi Mbagala nzima, akasoma kutwa, na sasa mwili unakataa.

Basi usiamshe vita vya saa 2. Mtoto anashuka saa 11 jioni. Ale kitu, acheze nusu saa, akimbie, apige makelele. Saa 12 akae mezani. Kama hamna meza, stuli na kigoda vinatosha, mradi pawe palepale kila siku, penseli mbili zimeshachongwa, maji yapo pembeni, runinga imezimwa, na simu haiko mikononi mwa mtu yeyote. Aanze na somo analolichukia, akili ikiwa bado ina nguvu. Saa 12:40 anafunga daftari.

Ndiyo, dakika 40, hata kama hajamaliza. Huko Marekani Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walizikusanya pamoja tafiti za homuweki zilizofanyika kati ya 1987 na 2003, wakachapisha walichokiona mwaka 2006. Uhusiano wa homuweki na ufaulu ulikuwa na nguvu kwa wanafunzi wa kuanzia darasa la saba kwenda juu, na dhaifu kwa wadogo. Kipimo kinachotajwa sana kwao ni dakika kumi kwa kila darasa, kwa hiyo Darasa la Nne ni dakika 40. Masomo manne kwa usiku mmoja kwa mtoto wa miaka kumi ni mengi, nasema hivyo kama mwalimu, na nawaambia hata walimu wenzangu wanaosoma hapa.

Wewe ukifika saa 1, hukuti vita. Unakuta mtu ana la kukusimulia. Mpe dakika kumi, hata ukiwa unavua viatu, ile ya kusoma swali na kulieleza kwa Kiswahili. Kuleni. Saa 2 kasoro awe kitandani. Wiki ya kwanza atagoma, hajazoea, zimeni taa hivyo hivyo.

Sasa binti yako. Nilishika kalamu nikapigia mstari kila ulipomtaja: anapika, anaosha vyombo, anafanya homuweki ya mdogo wake. Sikuona mahali ulipoandika anasoma saa ngapi. Mwanangu, Kidato cha Pili nacho kina upimaji wa Taifa mwishoni mwa mwaka, na asiyefikia kiwango hukariri darasa. Yeye kaingia sekondari mwaka jana tu, masomo yakageuka Kiingereza ghafla baada ya miaka saba ya Kiswahili, shule ya kata, na kila usiku anatoa masaa yake kwa mtoto ambaye tayari amelipiwa ada. Sikulaumu, wala yeye sidhani kama analalamika. Mabinti wa namna hiyo hawalalamiki, na ndiyo sababu tunawasahau. Ulisema ulitaka angalau mmoja asipate shida ya lugha. Huyu anaipata sasa hivi, mbele yako.

Saa 12 jioni naye akae kwenye meza ileile na madaftari yake mwenyewe. Kuwepo kwake pale kunamsaidia mdogo wake kutulia kuliko majibu yake. Akiulizwa neno la Kiingereza, alitaje. Penseli ya mdogo wake asiishike. Chakula wapike mapema au umalizie ukifika, na vyombo vya usiku kijana wa miaka kumi anaweza kuosha, mikono anayo. Mwite binti jioni moja mkiwa wawili, umwambie umeona alichokuwa akikibeba.

Kuhusu tuisheni, kwa sasa hapana. Shilingi 1,000 kwa siku za shule ni kama 20,000 kwa mwezi, na kinachonunuliwa ni saa nyingine ya kukaa kwenye benchi kwa mtoto aliyechoka. Kama mwezi mmoja wa utaratibu huu utaonyesha kuna mada maalumu haiwezi kabisa, hapo mtafute mtu wa mada hiyo, Jumamosi asubuhi, kwa wiki chache. Ikitokea mna hela ya tuisheni, anayeihitaji zaidi nyumbani kwenu ni dada.

Baba naye ana kazi, tena nyepesi. Badala ya “amepata ngapi”, amwombe mtoto amtumie sauti kwa simu akisoma aya moja ya Kiingereza au ya Kiswahili. Madereva wanalala Makambako, wanalala Mbeya, wanasubiri foleni mpakani, muda wa kusikiliza dakika moja upo. Amjibu kwa sauti yake, aseme kipi amekipenda. Mtoto atasoma aya hiyo mara tano kabla ya kuituma, bila kulazimishwa na mtu.

Imebaki shule, na najua hapo ndipo unapoogopa. Homuweki isipokwisha, atachapwa? Nenda kabla halijatokea. Kanuni za viboko shuleni zinasema visizidi vinne, viidhinishwe na mwalimu mkuu, viandikwe kitabuni, na ni kwa makosa mazito ya nidhamu. Mtoto aliyeishia swali la sita hayumo humo. Huna haja ya kwenda na kanuni mkononi, lakini uzijue, zikupe mgongo ulionyooka. Walimu wengi wakielezwa ukweli na mzazi aliyetulia wanashukuru, kwa sababu na wao wamechoka kusahihisha kazi za madada.

Kama kwenda huwezi kwa sababu ya soko, andika kwenye daftari lake la mawasiliano. Nimekuandikia, nakili kama lilivyo:

“Mwalimu, shikamoo. Kuanzia wiki hii mwanangu anafanya kazi za nyumbani mwenyewe kwa dakika 40, halafu analala, kwa sababu anaamka saa 10:45 alfajiri. Nitaweka saini mahali alipoishia. Majibu utakayoyaona ni yake, makosa pia ni yake, yaliyopita mengi alisaidiwa na dada yake. Maswali ya maneno yanamsumbua zaidi na nadhani ni lugha. Naomba unisaidie kuliangalia hilo. Mimi Kiingereza sijui, lakini kila siku nakaa naye. Ahsante. Mama yake.”

Sentensi ya lugha iandike tu kama utakuwa umeshaona hivyo kwenye zile jioni mbili tatu. Mengine yote yako tayari, na andika kwa Kiswahili hivyo hivyo, usimpe binti akutafsirie. Jumatatu ana kipindi chake cha kusoma.